Dola 180 zilivyozaa milioni 7, na kwa nini kiinua mgongo chako kisifuate njia hiyo

Mwezi uliopita, baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja wa mtaani kwetu Kisauni aliniita barazani. Alikuwa amestaafu majuzi na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeshaingia benki: shilingi milioni moja na laki nane. Akanipa simu yake nimsomee ujumbe aliotumiwa na mpwa wake aliye ng'ambo.

Ujumbe ulikuwa juu ya mwanamke mmoja wa Marekani, karani wa kawaida, aliyenunua hisa tatu za kampuni ya dawa, akazisahau, akafa tajiri. Chini yake mpwa alikuwa ameandika: "Mjomba, magonjwa hayaishi duniani. Weka zote kwenye kampuni moja nzuri ya dawa, ulale."

"Sasa mwanangu," mzee akaniuliza, "hii ni kweli ama ni zile hadithi za kwenye simu?"

Nilimjibu kwamba ni kweli. Nikamwambia pia kwamba ndiyo maana ni hatari, kwa sababu hadithi ya uongo mtu huigundua, lakini hadithi ya kweli iliyokatwa nusu humwingiza mtu shimoni macho yakiwa wazi. Nilimwahidi kumwandikia nusu iliyobaki. Nimeona heri niiandike hapa, kwa kuwa najua si yeye peke yake aliyetumiwa.

Bi Grace alikuwa nani

Jina lake ni Grace Groner. Alizaliwa mwaka 1909 katika jimbo la Illinois, akafiwa na wazazi akiwa na miaka 12, akalelewa na familia ya watu wema katika mji wa Lake Forest, kaskazini mwa Chicago. Walimsomesha hadi akahitimu Chuo cha Lake Forest mwaka 1931. Akaajiriwa kama karani katika kampuni ya dawa ya Abbott Laboratories, na hapo alifanya kazi kwa miaka 43.

Mwaka 1935, uchumi wa dunia ukiwa bado umelala chali, alinunua hisa tatu za Abbott kwa dola 60 kila moja. Jumla ni dola 180. Hakuziuza hata moja maisha yake yote. Kila kampuni ilipotoa mgao wa faida, pesa zile zilirudi kununua hisa nyingine.

Aliishi katika nyumba ndogo ya chumba kimoja cha kulala aliyoachiwa na rafiki. Nguo alinunua kwenye minada ya mitumba. Gari lake lilipoibwa hakununua jingine, akawa anatembea kwa miguu. Alipofariki mwezi Januari 2010, akiwa na miaka 100, hisa zile zilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 7. Zote aliziacha kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kile kilichomsomesha.

Hiyo ndiyo nusu aliyoipata mzee wetu. Sasa tufungue hesabu.

Pesa zilizaa vipi

Kwanza tuondoe jambo moja linalochanganya watu. Katika miaka ile 75, Abbott iligawanya hisa zake mara nyingi, na hisa tatu zikawa maelfu kwa maelfu. Watu hudhani kugawanya huko ndiko kulikomtajirisha. Sivyo. Mkate wa sinia ukikatwa vipande vinane badala ya vinne, vipande vimeongezeka lakini mkate ni uleule. Kampuni hugawanya hisa ili bei ya kipande kimoja isiwe kubwa mno kwa mnunuzi mdogo.

Kilichomtajirisha ni vitu vitatu vilivyofanya kazi pamoja: kampuni ilikua, mgao ulirudishwa shambani, na muda ulikuwa mrefu kupita kiasi.

Mgao ndio watu huudharau. Chukua mfano wa hesabu tu. Una shilingi 100,000 kwenye hisa ambazo bei yake hupanda asilimia 8 kila mwaka. Baada ya miaka 30 utakuwa na kama milioni moja. Sasa tuseme kampuni hiyohiyo hutoa pia mgao wa asilimia 3 kwa mwaka, nawe huuli, unanunulia hisa zaidi. Baada ya miaka 30 ileile utakuwa na karibu milioni mbili na laki tatu. Ni kama mwenye mnazi: akizinywa dafu zote, atabaki na mnazi mmoja, akiacha baadhi zikomae akazipanda, wajukuu watarithi shamba.

Kuhusu muda, fikra zetu wanadamu hazikuzoea hesabu ya kuzidisha. Kutoka dola 180 hadi milioni 7 kwa miaka 75 ni wastani wa ukuaji wa asilimia 15 hivi kwa mwaka. Kwa kasi hiyo pesa hujizidisha mara mbili kila baada ya miaka mitano, kasoro kidogo. Ukitaka kujipimia mwenyewe, chukua 72 ugawe kwa asilimia ya ukuaji. Jibu ni miaka ya kujizidisha mara mbili.

Tuifuate kwa miaka mitano mitano kamili. Mwaka 1935 ana dola 180. Mwaka 1960, baada ya miaka 25, ana dola 5,760. Mwaka 1985, akiwa bibi wa miaka 76 aliyekwisha kustaafu, ana dola 184,320. Mwaka 2010 zimekaribia milioni 6, na kwa kuwa kasi yenyewe ilizidi kidogo hiyo yetu, zikafika milioni 7.

Huo ni wastani, maana miaka halisi hupanda na kushuka. Lakini tazama kinachojitokeza: kwa kasi hiyo, zaidi ya asilimia 95 ya utajiri wake ulikuja baada ya kutimiza miaka 76. Angeuza akiwa na miaka 60 ili ajenge nyumba, leo hakuna ambaye angemjua.

Kwa nini kampuni ya dawa

Mpwa wa mzee hakukosea aliposema magonjwa hayaishi. Mtu anaweza kuahirisha kununua gari au kochi, lakini dawa ya presha ya mama yake haiahirishi. Ndiyo maana biashara ya tiba mara nyingi haiyumbi sana uchumi ukiwa mbaya.

Abbott yenyewe ilianzishwa Chicago mwaka 1888 na daktari, Wallace Abbott, aliyetengeneza vidonge vidogo vyenye kipimo kamili wakati ambapo dawa nyingi zilikuwa za kukisia. Kabla ya vita vya pili vya dunia wanasayansi wake walitoa Pentothal, dawa ya kumlaza mgonjwa kabla ya upasuaji. Wakati wa vita ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wa penisilini. Mwaka 1985 kipimo chake kilikuwa cha kwanza kuidhinishwa Marekani kwa kuchunguza virusi vya HIV katika damu. Hata sisi tumeigusa: kile kijikaratasi cha kupima HIV kiitwacho Determine, kilichotumika miaka mingi katika zahanati zetu, ni mali ya Abbott leo, baada ya kuinunua kampuni ya Alere mwaka 2017.

Faida kubwa ya kampuni hizi hutoka kwenye hataza. Anayevumbua dawa hupewa ulinzi wa kisheria wa miaka 20 tangu alipoomba, na katika muda huo mwingine haruhusiwi kuinakili. Miaka kadhaa huliwa na majaribio, lakini iliyobaki huwa ya mavuno. Mwaka 2001 Abbott ilinunua kampuni ya Knoll na kupata dawa ya baridi yabisi iliyokuja kuitwa Humira. Iliidhinishwa mwishoni mwa 2002, ikawa moja ya dawa zilizouzwa kwa pesa nyingi kuliko zote duniani. Bi Grace, akiwa na miaka zaidi ya 90, alikuwa na sehemu yake humo bila ya kunyanyua kidole.

Lakini mlango uleule unaoingiza neema huingiza balaa. Hataza huisha. Humira ilipopata wapinzani katika soko la Marekani mwaka 2023, mauzo yake ya dunia yalishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 21 hadi bilioni 14 na ushei kwa mwaka mmoja. Wakati huo haikuwa tena ya Abbott. Ilikuwa imehamia kampuni ya AbbVie, iliyotengwa kutoka Abbott mwaka 2013.

Wala usidhani safari ya Bi Grace ilikuwa bahari shwari. Mwishoni mwa 1969 serikali ya Marekani ilitangaza kupiga marufuku saiklameti, sukari bandia ambayo Abbott ilikuwa mtengenezaji wake mkubwa. Kabla jeraha halijapona, mwaka 1971 chupa zake za dripu zilihusishwa na maambukizi ya damu hospitalini, wagonjwa wakafa, na kampuni ikalazimika kuziondoa sokoni. Fikiria wewe ni karani wa kampuni hiyo, unasoma habari hizo gazetini asubuhi, na akiba yako imo humo. Ungelala?

Wale ambao hatuwasikii

Hapa ndipo nusu ya pili ya hadithi ilipo. Kwa kila Bi Grace mmoja kuna watu wengi walionunua hisa za kampuni moja, wakazishika kwa uaminifu, wakabaki na karatasi. Hao hawatumwi kwenye simu.

Chukua kampuni ya dawa ya Valeant. Mwaka 2015 ilikuwa kipenzi cha soko, na mwezi Agosti hisa moja ilivuka dola 260. Mtindo wake ulikuwa kununua kampuni nyingine za dawa kwa mikopo na kupandisha bei za dawa. Maswali yalipoanza kuhusu bei na mahesabu yake, ilianguka. Kufikia Aprili 2017 hisa ileile haikufika dola 10. Aliyeweka milioni moja kileleni alibaki na chini ya elfu hamsini. Bill Ackman, mwekezaji mashuhuri wa New York mwenye wachambuzi wa kumsomea kila karatasi, alitoka humo na hasara ya karibu dola bilioni 4. Na ukishapoteza asilimia 90, kupanda kwa asilimia 90 hakukurudishi ulipokuwa; lazima kilichobaki kijizidishe mara kumi.

Hata kampuni kubwa na ya heshima hupigwa kwa siku moja. Tarehe 30 Septemba 2004, Merck iliondoa sokoni dawa yake ya maumivu, Vioxx, kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Kabla ya jua kuzama hisa zake zilikuwa zimepoteza zaidi ya robo ya thamani.

Kuna profesa wa Marekani, Hendrik Bessembinder, aliyechunguza hisa zote za kawaida za masoko makuu ya nchi hiyo kuanzia 1926 hadi 2016, kampuni zaidi ya 25,000. Aligundua kwamba katika kila kampuni saba, nne zilimpa mwenye hisa pato dogo kuliko angelipata kwa kuikopesha serikali kwa mwezi mmoja mmoja. Utajiri wote wa ziada uliotokana na soko lile kwa miaka 90 ulitoka kwa asilimia 4 tu ya kampuni. Abbott ilikuwa upande wa bahati. Lakini mwaka 1935 hakuna aliyekuwa na orodha ya hiyo asilimia 4, na leo pia hakuna aliye nayo, hata huyo mpwa.

Sisi Wapwani hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza. ARM Cement, iliyokuwa na kiwanda Kaloleni, ilikuwa kampuni iliyosifiwa kwa ukuaji wake. Agosti 2018 iliwekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa. Hata hisa iliyofanikiwa humtesa mwenyewe: Safaricom iliuzwa kwa umma shilingi 5 mwaka 2008, ikashuka chini ya 3, ikaja kuvuka 40 mwaka 2021, kisha ikateremka tena chini ya 15 miaka miwili baadaye. Mkazi mmoja wa Likoni angeweza kusimulia hisa hiyohiyo kama baraka na jirani yake akaisimulia kama msiba, kulingana na siku aliyonunua na siku aliyohitaji pesa.

Tofauti ya Bi Grace na mzee wetu

Sasa nirudi barazani.

Bi Grace aliweka dola 180. Kwa thamani ya pesa ya mwaka aliofariki, hizo ni kama dola 2,800. Si kidogo kwa karani, lakini zingepotea zote, angekwenda kazini Jumatatu na maisha yangeendelea. Alikuwa na mshahara, hakuwa na watoto wa kulipia karo, na mbele yake kulikuwa na miaka 75 ya kungoja, ingawa hakuijua idadi yake.

Mzee wetu ana milioni moja na laki nane ambazo ndizo zote. Hana mshahara tena. Ana binti chuoni, ana paa la kubadilisha, ana kisukari kinachotaka dawa kila mwezi. Hata Mungu akimjaalia umri mrefu, hana miaka 75 ya kungoja. Bi Grace aliweka kidogo kwa muda mrefu. Mzee anashauriwa aweke kingi kwa muda mfupi. Kampuni inaweza kuwa moja, lakini mambo hayo mawili hayafanani.

Subira ambayo kila mtu anamsifia Bi Grace ilikuwa na msingi: hakuzihitaji pesa zile. Mimi nilijifunza hilo kwa uchungu. Niliwahi kununua hisa za kampuni moja nikijiapiza kuzishika miaka ishirini. Mwezi wa kumi na nne karo ikafika, na nyumbani hakukuwa na akiba nyingine. Niliuza kwa hasara, na miaka michache baadaye bei ikapanda bila mimi. Kampuni haikunikosea. Nilikuwa nimepanda mnazi kwa pesa ya unga.

Na hata Bi Grace, kusema kweli, alifanya jambo moja ambalo singemshauri mtu: akiba yake ilikuwa katika kampuni ileile iliyomlipa mshahara. Abbott ingeanguka, angepoteza kazi na akiba siku moja. Wafanyakazi wa kampuni ya nishati ya Enron yaliwapata hayo hasa mwaka 2001. Mayai yake yalipona, lakini kikapu kilikuwa kimoja.

Kwa hivyo tufanyeje

Kwanza, tenga pesa ya kula, ya karo na ya ugonjwa, uiweke mahali unapoweza kuichukua wakati wowote. Hiyo si pesa ya hisa.

Pili, kinachobaki, kile ambacho kikipotea hutakwenda kukopa, ndicho cha kuwekeza kwa miaka kumi na zaidi. Usikitie katika kampuni moja. Kama unaipenda sekta ya tiba, nunua kampuni kadhaa, au fungu la pamoja linalozikusanya nyingi, na uchanganye na sekta nyingine. Hutapata hadithi ya kusimuliwa kwenye simu, lakini hutapata ya Valeant pia.

Tatu, pita mlango wa halali kwa maana zote mbili. Hakikisha wakala wako amepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Anayekuahidi faida isiyopungua kila mwezi mkimbie, kwa sababu hisa haina ahadi. Na kwa Waislamu wenzangu: kumiliki hisa ni kushiriki katika biashara, faida na hasara, na mgao si sawa na riba, lakini biashara yenyewe na mikopo ya kampuni vinahitaji kuangaliwa, basi muulize mwanachuoni unayemwamini kabla ya kununua, pamoja na hesabu ya zaka.

Nne, waambie watu wako. Bi Grace aliandika wosia ulioeleweka. Kwetu, watu hufa na namba zao za akaunti ya CDS, na pesa huishia kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa (UFAA) ilhali mjane anakopa sukari dukani. Andika karatasi moja, mwonyeshe mkeo au mwanao ilipo.

Ukitazama vizuri, alichokiacha mama yule kinafanana na wakfu tunaoujua: mali yenyewe inahifadhiwa na mapato yake yanawasaidia wanafunzi kupata mafunzo kazini na kusoma nchi nyingine. Hata kale kanyumba kake kaliingia humo. Hilo linaigika hata na mwenye shilingi elfu moja kwa mwezi.

Niliporudi kwa mzee na maelezo haya, alinisikiliza hadi mwisho, akamaliza kahawa yake, akapiga hesabu kwa vidole. Paa. Karo ya miaka miwili. Dawa. Akiba ya dharura. Mwisho akabaki na kama laki moja.

"Hiyo moja," akasema, "tutainunulia hisa. Lakini za kampuni nyingi, na jina liandikwe la yule mjukuu wangu wa miaka minne. Yeye ndiye mwenye miaka sabini ya kungoja."

Sikuwa na la kuongeza.